Sabini kwa Mia

Kazi yangu ni kusema "huenda". Nasoma hali ya hewa kwa Kiswahili kwenye redio moja ya hapa Bujumbura, na kila siku taarifa inanifikia kwa Kifaransa ikiwa imejaa namba: mvua, sitini kwa mia, upepo mkali wa ziwani, arobaini. Mkubwa wangu wa kazi aliniambia tangu mwanzo kwamba msikilizaji wa Kiswahili hataki namba, anataka neno. Basi mimi ndiye ninayezigeuza. Sitini inakuwa "huenda". Arobaini inakuwa "labda". Ikishuka chini ya hapo nasema "pengine", na ikipanda sana nasema "yamkini", neno ambalo mtaani kwetu hulisikii ila kwangu na kwa masheikh wawili watatu.

Usidhani ni kazi ya mchezo. Fundi mmoja wa matofali kutoka Carama alinifuata siku moja mpaka kwenye mlango wa redio. Alikuwa ameanika matofali mabichi, mvua ikaja ikayarudisha kuwa tope. "Dada, we ulisema huenda," akaniambia, na alikuwa amekasirika kweli. Nikamjibu ndiyo, nilisema huenda, na si imenyesha? Akasema kwao huenda ni neno la mtu anayeona aibu kukunyima. Ukimwomba jirani jembe naye akasema huenda atakupa, jembe hilo usilingoje. Mvua hiyohiyo, jirani yetu wa Jabe alikosa harusi ya mpwa wake, kwa sababu yeye aliposikia huenda alielewa mvua iko njiani, akajifungia ndani. Neno moja, sauti moja, yangu. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nilikuwa sijajua kwamba neno na namba vinaweza kuingia nyumbani kwa mtu na kukaa.

Nyumbani kwetu ni Jabe, karibu na soko, nyumba ambayo mama aliingia akiwa bibi harusi na hajahama isipokuwa ile miaka ya kukimbia vita. Mimi nimerudi kuishi naye baada ya ndoa yangu kuvunjika, na hilo sitalieleza hapa. Mama alikuwa na uvimbe shingoni. Ulianza kama yai la kuku, akaufunika kwa mtandio, na kwa kuwa mama ni mtu wa mtandio siku zote, hatukuona ulivyokuwa unakua. Tulichosikia ni sauti. Sauti yake, iliyokuwa inaita mtu kutoka upande wa pili wa soko, ikaanza kukwaruza, kisha ikawa ya kunong'ona. Chakula kikaanza kumkaba. Daktari akasema uvimbe umeshalizunguka koo, na usipotolewa utaliziba.

Kaka yangu ndiye mkubwa wetu; wengine wametawanyika, kila mmoja na mji wake. Anafanya kazi ya bima, amejenga Gasenyi, na kwake kitu kisichokuwa na namba hakijasemwa. Nikimwambia foleni ni kubwa, anauliza kubwa kiasi gani. Nikimwambia nakuja sasa hivi, anacheka. Tunapendana sana, lakini tukikaa pamoja sahani ya wali haiishi kabla hatujagombana. Kuna jambo moja tu ambalo yeye hakuwahi kulidai namba. Kitindamimba wetu alivuka mpaka zamani akakaa Uvira, ng'ambo ya ziwa, Kongo, anauza vitenge, na kila Ijumaa baada ya sala alikuwa anampigia mama simu. Tangu vita visogee upande ule, simu yake haiiti. "Ni rezo," kaka alisema Ijumaa ya kwanza, yaani mtandao wa simu. "Labda rezo bado," akasema iliyofuata. Na sote tukakaa ndani ya hiyo rezo kama watu waliojikinga mvua chini ya bati moja.

Jambo jingine unatakiwa ulijue kabla sijaendelea. Kwetu watu hawahesabiwi. Kuku watahesabiwa, vikombe vitahesabiwa, mtu haonyeshwi kidole akaambiwa we ni wa tatu. Mama akiulizwa ana watoto wangapi, hata na mtu wa serikali, anajibu "Mungu amenipa", na ukimsukuma zaidi anasema "nyumba haina njaa ya watoto". Sisi wenyewe tulikua hatujui kutajana kwa idadi. Tulijua kwamba wapo waliotangulia, kwamba siku za arobaini na za Idi mama anawaombea waliotangulia, na neno hilo lilitosha. Lilikuwa kubwa kama pazia. Hukuuliza nyuma yake wamesimama wangapi.

Siku ya kumwona daktari wa upasuaji tulikwenda watatu, mama, kaka na mimi. Daktari mwenyewe ni mtu wa Bukavu, mpole, anaongea Kiswahili cha kwao, hivyo hapakuwa na haja ya kutafsiri. Alimshika mama mkono akamwambia, "Mama, nafasi iko muzuri. Tutakupasua, na utarudi kwa batoto yako, Mungu akipenda."

"Inshallah," mama akasema.

Ilikuwa ile fupi. Mama ana inshallah mbili, na nyumba nzima tunazijua. Ile fupi, inayokatwa mwishoni kama uzi, ni ndiyo. Ile ndefu, inayoburutwa, ni apana, na ukiisikia usirudie ombi lako. Nikashusha pumzi. Siku ya kupasuliwa ikapangwa palepale, mama akaanza hata kuuliza kama ataruhusiwa kula dagaa.

Basi kaka akainamia meza. "Dokta, samahani," akasema. "Muzuri ni ngapi?"

Nilimkanyaga mguu. Akausogeza.

Daktari alimtazama mama, akamtazama kaka, nikaona hataki. "Hii kitu si ya kusema hivo," akasema. Kaka akang'ang'ania, kwa adabu, na adabu yake ndiyo inayoniudhi kuliko hata ukali wake. Mwishowe daktari akasema kwa mtu wa umri ule, na moyo uliochoka namna ile, ambao huenda ukashindwa na dawa ya usingizi, basi tuseme sabini. Sabini kwa mia.

Kaka alifurahi, wallahi. Alifurahi kama mtu aliyeletewa barua ya kupandishwa cheo. "Mama, umesikia? Sabini. Mutoto akileta sabini shuleni si unamuchinjia kuku?"

Mama akavuta mtandio mpaka chini ya kidevu. "Inshaaallah," akasema. Ilikuwa ile ndefu.

Asubuhi iliyofuata niliamka nikakuta sinia la chai liko sebuleni kama kawaida, na vikombe. Tunakunywa wawili. Vilikuwepo vikombe vitano. Viwili vyetu vilikaa upande wa mlango, vingine vitatu, vidogo, vya ile seti ya zamani yenye mstari wa bluu, vilipangwa upande wa dirisha, vyote vina chai, vyote vinatoa moshi. Nikauliza, "Mama, tuna wageni?" Akasema kunywa chai yako itapoa. Nikanywa. Yeye akanywa. Vile vitatu havikuguswa, na mama hakuvitazama, lakini alikuwa anaongea polepole na kusubiri kati ya neno na neno, kama mtu anayengoja wengine nao wamalize kutafuna.

Nilikwenda kazini nikasema kwenye redio kwamba huenda mvua ikanyesha. Niliporudi mchana, sinia lilikuwa palepale. Chai ya vile vikombe vitatu ilikuwa imeshapoa, imefanya utando wa maziwa juu. Kwenye viwili utando ulikuwa mzima. Kwenye kile kidogo kuliko vyote haukuwepo, na chai ilikuwa imepungua. Ni joto, nikajiambia. Ni paka, nikajiambia, ingawa hatuna paka. Yote hayo ni maneno niliyonayo kwa wingi, ndiyo yanayonilisha. Nikamwaga chai, nikaosha vikombe.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Na si chai tu. Mama analala mchana kwenye mkeka sebuleni, katikati, amejitanua kama malkia, huo ndio ulalaji wake tangu nimjue. Sasa akaanza kulala pembeni kabisa, nusu ya mgongo iko sakafuni, na mkeka wote uliobaki ameuacha wazi. Niliposogeza ule mkeka ili alale vizuri, alifumbua macho akaniambia, "Pole pole, usibakanyage." Akarudi kulala. Mimi nilisimama pale na ncha ya mkeka mkononi, sijui akina nani nisiwakanyage, sijui niushushe wapi.

Nikampigia kaka. Alikuja, akaviona vikombe, akapata jibu, kwa maana yeye jibu halimkosi. "Amechanganya," akasema. "Anafikiri sabini ni fungu. Kama nyama ya kuchinja siku ya Idi: fungu la nyumba, fungu la jirani, fungu la masikini. Anafikiri sabini yake iko hapa, na thelathini imeshakwenda upande wa pili. Kwa hiyo anaipa chai."

Ilikuwa na akili, na ndiyo maana ilinitisha zaidi. Kuanzia hapo nikawa namwona mama kama aliyepungukiwa. Kivuli chake nilikitazama mara mbili. Nilipompa mkono kumwinua nilisikia kama uzito wake haujafika wote. Kaka akakaa naye chini akamweleza kwa vidole, kwa maharage, kwa kila kitu, kwamba sabini si kipande, ni nafasi, kwamba ama ataamka mzima ama hataamka, hakuna kati. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia, "Asante baba. Umesoma." Kisha akasema siku ile ya kupasuliwa ameiahirisha, amekwisha kutuma mtu kwa daktari.

Kaka alinigeukia ukumbini kana kwamba mimi ndiye niliyeahirisha. Akasema ningemwelewesha kwa maneno yangu matamu ya redio. Nikamwambia mama alikuwa amekubali, alisema inshallah fupi, mpaka yeye alipokuja na namba yake. "Lisemwalo lipo," nikamwambia, "na kama halipo linakuja. We umelileta." Akasema huo ni ushirikina, namba haileti kitu, namba inaonyesha tu kilichopo.

"Haya," nikasema. "Na kitindamimba wetu? Mupe namba. Kwa mia, yuko ngapi?"

"Nyamaza," akasema. Alisema taratibu, akavaa viatu vyake, akaondoka bila kuaga.

Kilichonifanya nimuulize mama mwenyewe ni andazi. Alikuwa anakula mchana, kipande kikamkaba, na kabla sijafika kutoka jikoni alikuwa ameshaanza kubadilika rangi midomoni. Nilimpiga mgongoni kikatoka. Akapumua kwa ile sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Nilikaa chini, machozi yananitoka, na hasira pia, maana mimi nikiogopa nakasirika. Nikaonyesha vile vikombe vitatu.

"Mama, hivi ni vya nani? Leo utaniambia."

Alifuta midomo. "We ulisikia hesabu ya dokta," akasema. "Kaka yako anafikiri mi siijui. Ile hesabu mi niliizaa."

Sikuelewa. Akaninyooshea mikono yote miwili, vidole vimefunguka, halafu akakunja vitatu. Alikunja polepole, kimoja kimoja, kama anayefunga vifungo vya nguo ya mtoto. Vikabaki saba.

Nina miaka ya kutosha kuwa na wajukuu, na ilikuwa mara ya kwanza kuona idadi yetu.

Akanieleza. Hakuwataja kwa majina, sauti haikumtosha. Mmoja alikwenda na homa kabla hajakaa. Mmoja alikwenda njiani, ile miaka ya kukimbia, mgongoni mwake, na alitembea naye muda mrefu bila kujua kwamba hambebi tena mtoto. Na mmoja alikuwa msichana mnene, mwenye mashavu, asiyewahi kukohoa. "Kila mutu alikuwa anasema huyu ndiye atazika sisi wote," mama akasema. "Kulikuwa na mwingine mwembamba kama ufito, tulikuwa tunamulilia kila siku. Yule mwembamba ni kaka yako. Mnene ndiye aliondoka." Akanyamaza apumue. "Sabini kwa mia, ni kweli, ni mingi. Mungu amenibakishia mingi. Lakini namba inajua ni wangapi. Haijui ni nani."

Nikamuuliza kwa nini alikubali mara ya kwanza.

"Aliposema nafasi iko muzuri, dokta alikuwa anasema na mi. Aliposema sabini, akaniacha, akaanza kusema na watu mia. Nikabaona. Wamama mia kwenye ile korido ya hospitali, wote na mtandio kama huu yangu, wote na shingo kama hii. Thelathini wakasimama kuondoka. Nikatazama kama mi ni kati ya waliosimama, sikujiona. Nikatazama waliokaa, sikujiona." Akashika kikombe kile kidogo, akakigeuza mpini wake uelekee dirishani. "Basi nikabatafuta wangu. Wangu walikuwa pale mbele, watatu, wanatazama. Nimebaacha miaka mingi bila chai, mwanangu. Nilikuwa nasema tu waliotangulia, waliotangulia. Neno moja kwa batoto watatu."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi sijazaa. Nilichosema kilikuwa cha kitoto. "Mama, mi nataka ukae. Sitaki kujua ni ngapi kwa mia. Nataka ukae hapa, unisumbue, uniulize kwa nini sijaolewa tena. Nakuomba."

Alinitazama. Akacheka kicheko kisicho na sauti, mabega tu. "Hilo dokta hakuliuliza, wala kaka yako," akasema. "Kunitaka."

Nikamwambia, "Basi nakuuliza mimi. Utakwenda?"

"Inshallah," akasema. Nikaisikiliza ilivyokatika. Ilikuwa fupi.

Asubuhi ya kwenda hospitali kaka alikuja na gari mapema, ziwa bado limefunikwa na ule ukungu wa vumbi wa kiangazi unaofanya milima ya Kongo ipotee kana kwamba hakuna kitu upande ule. Alikuta sinia kubwa katikati ya sebule, lile la harusi. Juu yake vikombe vilivyojaza sinia, vikubwa na vidogo, seti zilizochanganyika. Mama mwenyewe alikatazwa kula na kunywa, lakini alikuwa amechemsha chai na kumimina. Alituambia tukae.

Akaanza kuhesabu. Kwa sauti, kile kilichobaki cha sauti, kidole chake kikigusa ukingo wa kila kikombe. Moja. Alipogusa cha kwanza alimtazama kaka, na kaka, mtu wa bima, mtu wa namba, akapiga magoti mbele ya sinia. "Mama, acha, watu hawahesabiwi," akasema. Sikuwahi kusikia sauti yake ikiwa hivyo. Mama hakuacha. Alipofika kwenye vile vyenye mstari wa bluu, kidole kilikwenda bila kusita, kama kwa wengine. Alipofika kwenye changu alinigusa goti. Kikombe cha mwisho kilikuwa cha kitindamimba, na pale kidole kilikaa. Kilikaa mpaka nikaona mvuke unamchoma, lakini hakukitoa.

"Kumi," akasema mwishowe. "Sasa nimehesabu mwenyewe. Twende."

Tulikaa kwenye korido ya hospitali, kaka na mimi, kwenye benchi la mbao. Hatukugombana. Watu walipita na vyakula, na chupa za chai, na kila mwanamke mwenye mtandio aliyetokea mwisho wa korido nilimtazama shingo. Nilijikuta nataka kuwahesabu wanawake waliokaa kwenye yale mabenchi, na nikajizuia kwa nguvu, nikaangalia sakafu. Kaka alikuwa anasoma dua bila kutoa sauti. Mlango ulipofunguka na daktari akatoka akivua kofia yake, nilisoma uso wake kabla hajasema, na uso haukuwa na namba yoyote, ulikuwa umechoka na una furaha. Kaka alilia waziwazi, mbele za watu. Mimi sikulia. Nilicheka, nikaona aibu, nikaendelea kucheka.

Walituruhusu kuingia alipoamka. Shingo ilikuwa imefungwa bandeji nene, mrija umetoka pembeni, na daktari alikuwa ametuonya kwamba hataongea kwa muda, asijaribu hata. Macho yake yalikuwa ya mama, mazima. Kaka akamshika miguu akaibusu. "Mama, tumeshinda," akamwambia. "Sabini ndiyo hii."

Mama akainua mkono wa kulia kutoka kwenye shuka. Uliinuka kwa shida. Akaonyesha vidole, kidole gumba kimekunjwa kiganjani.

"Saa nne?" kaka akauliza. "Apana mama, ni jioni sasa."

Mama akafumba macho kwa kukataa, akafumbua. Akapeleka mkono mdomoni, akauinamisha kama mtu anayekunywa kikombe. Kisha akanyoosha tena vidole, vinne, akaviweka mbele ya uso wangu, maana alijua mimi ndiye nitakayeelewa. Akaelekeza mkono ukutani, upande wa ziwa, mbali kule ambako milima ilikuwa imefunikwa. Alikuwa amekwenda kwa wale waliotangulia akiwa usingizini. Amewaona. Hawakuwa watatu.

Nikamtazama kaka. Nilingoja aseme dawa ya usingizi inafanya watu waone vitu, kwa kiasi gani, kwa wagonjwa wangapi katika mia. Nilitaka aseme. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitaka namba kutoka kwake, yoyote, hata ya uongo.

"Labda," akasema. "Labda ni dawa."

Akatoka nje ya chumba, na kupitia dirisha nilimwona amesimama juani, simu sikioni, anapiga namba ileile ya Uvira, anasikiliza, anashusha, anapiga tena.

Mama yuko nyumbani sasa. Kovu linapona, sauti inarudi kidogo kidogo kama ya mtoto anayejifunza, na ameshaanza kuniuliza kwa nini sijaolewa. Simu ya kitindamimba haijaita. Hakuna mtu aliyetuletea habari, mbaya wala nzuri. Watu wanaovuka kutoka upande ule tunawauliza, mmoja anasema alimwona sokoni, mwingine anasema mtaa ule haukubaki na mtu. Kaka haulizi tena muzuri ni ngapi. Na mimi nikiwa studio, nikifika kwenye neno "huenda", nalisoma haraka, naendelea.

Asubuhi ya kwanza alipoweza kuketi, mama aliniambia nimletee sinia. Nikaleta vikombe vyetu viwili na vile vitatu vya mstari wa bluu. Akaniangalia, akasubiri. Nilijua anachokisubiri, na nilikasirika naye kuliko nilivyowahi kukasirika na mtu. Nilikwenda jikoni nikasimama mbele ya kabati. Kikombe cha kitindamimba ni kile kikubwa cha bati, alikipenda tangu mdogo kwa sababu hakivunjiki. Nikakiacha. Nikakichukua. Nikakirudisha, nikakichukua tena.

Nilikiweka katikati ya sinia, si upande wa mlango, kwetu, si upande wa dirisha, kwao. Nikainua birika, nikamimina. Nilimimina nusu.

Mama alikitazama kile kikombe muda mrefu. Kisha akanisogezea sukari.